Umma wa Tembo na Amana Tuliyokabidhiwa

Huenda ukashangaa kukuta makala juu ya tembo katika kurasa za gazeti la dini. Huenda ukauliza: Je, hayo si mambo ya wizara na ya mabwana nyama? Yafaa tuanze kwa kulijibu swali hilo, maana asiyejua sababu ya somo hafaidiki nalo.

Mtu amwaminiye Muumba hawezi kusema kwamba viumbe Vyake havimhusu. Kurani Tukufu inayo sura, nayo ni ya 105, iitwayo kwa jina la mnyama huyu. Na katika Sura ya 6 wanyama na ndege wanahesabiwa kuwa ni umma mbalimbali, kama wanadamu walivyo umma. Neno hilo si dogo. Penye umma pana wazee na watoto, pana mwenye kufundisha na mwenye kufundishwa, na pana kumbukumbu ya mambo yaliyopita. Katika somo hili tutaona jinsi uchunguzi uliofanywa juu ya tembo unavyoonyesha jambo hilo wazi, na kwa nini kuuawa kwao kwa ajili ya pembe ni hasara kubwa kuliko ile ionekanayo katika hesabu.

Jinsi walivyopungua

Kwanza tuitazame hesabu yenyewe. Mwaka 1979 ilikadiriwa kwamba bara zima la Afrika lilikuwa na tembo wapatao 1,300,000. Miaka kumi baadaye, mwaka 1989, walikuwa wamebaki 600,000 hivi. Ripoti iliyotolewa mwaka 2016 na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ilikadiria kwamba walikuwako wapatao 415,000.

Tembo wa Afrika wako wa aina mbili: tembo wa nyika, ambao ndio wengi katika Afrika Mashariki, na tembo wa msitu, wakaao hasa katika misitu ya Kongo na nchi jirani zake. Mwaka 2021 IUCN ilitangaza kwamba tembo wa nyika wamo hatarini kutoweka, na kwamba tembo wa msitu wamo katika hatari iliyo kubwa zaidi. Wa nyika walikuwa wamepungua kwa 60 kwa mia au zaidi katika miaka 50. Wa msitu kwa zaidi ya 86 kwa mia katika miaka 31.

Afrika Mashariki haikusalimika. Kenya ilikuwa na tembo zaidi ya 160,000 mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kufikia mwaka 1989 walikuwa hawafiki 20,000. Katika Tanzania, eneo la Selous peke yake lilikuwa na tembo yapata laki moja katikati ya miaka ya 1970. Hesabu ya mwaka 2013 ilikuta wapatao 13,000 tu. Kwa Tanzania nzima, tembo walikuwa 109,000 hivi mwaka 2009, na mwaka 2014 walihesabiwa 43,000 hivi. Yaani katika muda wa miaka mitano, muda usiomtosha mtoto kumaliza shule ya msingi, nchi moja ilipoteza zaidi ya nusu ya tembo wake.

Kwa nini pengo halizibiki upesi

Mtu anaweza kusema: "Wanyama huzaliana. Wakilindwa watarudi." Ni kweli kwamba huzaliana, lakini yatupasa kujua huzaliana vipi. Tembo jike hubeba mimba kwa muda wa miezi 22, na kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu. Baada ya hapo hupita miaka minne au mitano kabla hajazaa tena. Jike mwenyewe huwa na umri wa miaka kumi na zaidi ndipo apate mtoto wake wa kwanza. Dume naye, ingawa huweza kuzalisha mapema, huwa hajapata nguvu ya kushindana na wenzake mpaka afike miaka thelathini hivi. Na katika mbuga ya Amboseli, Kenya, ambako tembo wamechunguzwa mfululizo tangu mwaka 1972, imeonekana kwamba madume wa makamo na wazee ndio wazaao watoto wengi.

Tembo huweza kuishi miaka sitini na zaidi. Basi umri wake wakaribia umri wa mwanadamu, na malezi yake ni marefu kama malezi ya mwanadamu. Tembo mmoja mzee huangushwa kwa risasi katika dakika moja, lakini kumpata mwingine wa umri wake kwahitaji nusu karne.

Tena pembe za tembo hazianguki na kuota upya. Pembe ni meno yake, nayo huendelea kukua maisha yake yote, na sehemu ya kila pembe imezama ndani ya fuvu la kichwa. Kwa sababu hiyo, mtu atakaye pembe nzima humwua mwenye pembe. Na kwa kuwa hukua maisha yote, pembe kubwa ni za wazee. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa kuwa ndilo kiini cha somo letu: biashara ya pembe haiwachukui tembo ovyo ovyo. Huwatafuta wazee kwanza.

Mzee wa kundi na ukame wa Tarangire

Je, wazee wakiondolewa, umma wa tembo hupoteza nini? Jibu lilipatikana Tanzania.

Tembo majike huishi katika jamaa: mama, binti zake, dada zake na watoto wao. Jamaa huongozwa na jike aliye mzee kuliko wote. Yeye ndiye huamua waende wapi na lini, wanywe maji wapi, na watulie au wakimbie wasikiapo sauti ya hatari.

Mwaka 1993 ukame mkali uliikumba Hifadhi ya Taifa ya Tarangire, kaskazini mwa nchi. Wataalamu waliokuwa wakiwachunguza tembo wa hapo walikuwa na habari za watoto 81. Katika muda wa miezi tisa, 16 kati yao walikufa, yaani karibu mmoja katika kila watano, ilhali katika mwaka wa kawaida hufa wawili hivi katika kila mia. Lakini vifo havikuyapata makundi yote sawasawa. Baadhi ya makundi yaliondoka katika hifadhi yakaenda kutafuta maji na malisho kwingine. Kundi moja lilibaki, nalo peke yake lilipoteza watoto 10 kati ya wale 16.

Sasa tazama tofauti yao. Ukame mwingine mkali ulikuwa umetokea kati ya miaka ya 1958 na 1961. Katika makundi yaliyoondoka walikuwamo majike wenye umri wa kutosha kuwa waliuona ukame ule wakiwa wadogo. Kundi lililobaki halikuwa na wazee wa namna hiyo, maana ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikuwa umewamaliza. Kwa hiyo wataalamu hao wanaona kwamba majike wale wazee yaelekea walikumbuka mambo waliyoyapitia zaidi ya miaka thelathini nyuma, wakawaongoza wenzao njia ya kuokoka.

Ndugu msomaji, lifikirie jambo hilo. Jangili aliyemwua tembo mzee wa Tarangire katika miaka ile aliondoka na pembe zake, akazipokelea fedha, na pengine akaisahau siku ile. Lakini mwaka 1993 watoto wa tembo ambao yeye hakuwaona kamwe walikufa kwa njaa na kiu, kwa sababu aliyejua njia alikuwa ameuawa. Dhambi hiyo ilizidi kuzaa matunda miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza.

Vijana wasio na wa kuwaonya

Mfano wa pili watoka Afrika Kusini, nao wahusu madume. Tembo wachanga walionusurika pale jamaa zao walipouawa ili kupunguza idadi ya tembo katika mbuga ya Kruger walipelekwa katika mbuga ya Pilanesberg. Huko walikua bila wazee. Walipobalehe, madume hao vijana walikuwa wakali kupita kiasi, wakaanza kuwashambulia vifaru. Kati ya mwaka 1992 na 1997 waliua vifaru weupe zaidi ya 40.

Wakuu wa mbuga walitafuta dawa. Mwaka 1998 waliletwa madume sita wazee kutoka Kruger, wakaachiliwa miongoni mwa vijana wale. Ukali ule ulitulia na mauaji ya vifaru yakakoma. Wazee hawakuwafunga wale vijana kamba. Kuwapo kwao tu kulitosha kuwarudisha katika adabu ya umma wao.

Kwa mifano hii miwili twaona kwamba anayesema, "Tembo bado ni wengi, wako laki kadhaa," hajajibu swali. Lazima pia tuulize ni tembo wa umri gani waliosalia, na nani anawafundisha.

Alama iliyoachwa mwilini

Wako wasemao kwamba dhuluma hupita na dunia husahau. Basi na watazame Gorongosa, katika Msumbiji. Wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, kuanzia mwaka 1977 mpaka 1992, tembo wa mbuga hiyo waliuawa kwa ajili ya pembe mpaka wakapungua kwa 90 kwa mia. Majike wasio na pembe, ambao kabla ya vita walikuwa chini ya mmoja katika watano, hawakutafutwa na wauaji, kwa hiyo waliokoka kuliko wengine wakaendelea kuzaa. Wataalamu walipotangaza uchunguzi wao mwaka 2021, walieleza kwamba baada ya vita majike wasio na pembe walikuwa wamefikia karibu nusu ya majike wote. Hali hiyo hurithiwa, na yaelekea huwadhuru watoto wa kiume hata wasizaliwe. Tamaa ya binadamu imefika ndani ya mbegu za uzazi wa tembo.

Na pembe hizo zimetumika kwa kazi gani? Katika karne ya 19 misafara ilitoka Tabora na Ujiji mpaka Bagamoyo, ikabeba pembe kwenda Unguja, na njia hizo hizo zilipitishwa watumwa. Pembe zilikwenda Bombay kuwa bangili, na London kuwa mipira ya mchezo wa biliadi. Nyingi zilikwenda Connecticut, Marekani, katika miji ya Deep River na Ivoryton, kuwa vipande vyeupe vya kubonyeza vya piano. Katika zama zetu zimekuwa sanamu na mapambo. Hakuna mgonjwa aliyeponywa kwazo wala mwenye njaa aliyeshibishwa nazo. Kitu pekee kisichoweza kufanya kazi yake bila pembe ya tembo ni tembo mwenyewe, ambaye kwa pembe huchimba, huambua magome na hujilinda.

Kazi ya tembo katika nchi

Huenda mtu akasema: "Nimeelewa kwamba tembo wana hasara yao. Lakini sisi tutapungukiwa na nini wakiisha?" Tumjibu kwa mambo matatu.

La kwanza ni maji. Wakati wa kiangazi tembo huchimba mchanga wa mito iliyokauka kwa miguu na mkonga mpaka maji yatokee. Akiisha kunywa yeye, hunywa wengine wengi wasioweza kuchimba.

La pili ni miti. Tembo mzima huweza kula kilo 150 za majani, magome na matunda kwa siku moja. Mbegu nyingi hupita tumboni mwake zikiwa nzima, akaziangusha mbali pamoja na samadi yake. Katika misitu ya Kongo imepimwa kwamba tembo huweza kupeleka mbegu umbali wa zaidi ya kilomita 50. Iko miti yenye matunda makubwa ambayo hakuna mnyama mwingine awezaye kuyameza na kuyasafirisha hivyo. Tembo wakiondoka, msitu huendelea kusimama kwa muda, lakini miti hiyo hukosa mpanzi.

La tatu ni hewa na mvua. Tembo wa msitu hupenda kula miti laini na kuipunguza, wakaiachia nafasi miti migumu na mikubwa, ambayo huhifadhi hewa ya ukaa kwa wingi zaidi. Msitu wenye tembo, basi, unasaidia kuizuia dunia isizidi kuwa na joto, na mkulima angojaye mvua anajua maana yake ni nini.

Swali la mkulima

Hata hivyo haitakuwa haki tukiyasema hayo bila kumsikiliza mkulima aishiye mpakani mwa hifadhi. Yeye anauliza: "Mnanihubiria juu ya tembo, lakini usiku mmoja wamemaliza mahindi niliyoyalima miezi mitano. Watoto wangu wale nini?" Wengine wamepoteza zaidi ya mahindi, wamewazika jamaa zao.

Swali hili ni la haki, wala halijibiwi kwa kumkemea mtu. Ikiwa tembo ni mali ya taifa na urithi wa dunia, basi mzigo wa kuwatunza hauwezi kuachwa juu ya mabega ya maskini mmoja wa kijijini. Sheria ya Tanzania imeweka malipo yaitwayo kifuta jasho kwa mazao yaliyoharibiwa na kifuta machozi kwa watu waliojeruhiwa au kuuawa. Ni jambo jema. Lakini wakulima mara nyingi hulalamika kwamba malipo huchelewa na ni madogo. Kuyaharakisha na kuyatosheleza ni sehemu ya kumlinda tembo, maana mtu aliyeonewa hawezi kuwa mlinzi mwaminifu.

Pia ziko njia za kuzuia ugomvi kabla haujatokea. Tembo huogopa nyuki. Nchini Kenya, karibu na Tsavo, wakulima wametundika mizinga kuzunguka mashamba na kuiunganisha kwa waya. Tembo akiusukuma waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Katika majaribio hayo tembo wengi waligeuka nyuma, na mkulima alipata asali juu yake. Pengine hutumika kamba na vitambaa vilivyopakwa pilipili na mafuta machafu ya magari, kwa kuwa mkonga hauvumilii harufu ya pilipili. Na iliyo kubwa kuliko zote ni kuacha wazi mapito ya kale ya wanyama, yaani shoroba. Tembo apitaye shambani mara nyingi anafuata njia aliyoonyeshwa na bibi yake. Kijiji kikipanga ardhi yake kwa busara, mashamba yakaepushwa na njia hiyo, damu nyingi itaepukwa pande zote mbili.

Je, liko tumaini?

Naam, liko. Mwaka 1989 Tanzania iliendesha Operesheni Uhai dhidi ya majangili. Mwezi Julai wa mwaka huo huo Kenya ilichoma moto tani 12 za pembe mbele ya dunia nzima. Mwezi Oktoba, mjini Lausanne, Uswisi, mataifa yalikubali kuzuia biashara ya kimataifa ya pembe za tembo wa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizotoa pendekezo hilo. Baada ya hapo tembo walianza kuongezeka katika nchi zetu. Ujangili uliporudi kwa nguvu na kuleta maafa yale ya Selous, hatua zilichukuliwa tena. China, iliyokuwa soko kubwa kuliko yote, ilifunga biashara yake ya ndani ya pembe mwishoni mwa mwaka 2017. Kenya ilipohesabu tembo wake mwaka 2021 ilikuta 36,280, na Tanzania nayo imetangaza kwamba idadi yake imepanda tena.

Historia hii yafundisha jambo moja bayana: mauaji hufuata ununuzi. Mnunuzi akipatikana, jangili hupatikana. Mnunuzi akikosekana, bunduki huwekwa chini.

Yatupasayo

Basi, ndugu msomaji, uwe mjini au shamba, yako mambo yanayokupasa. Usinunue kitu cha pembe ya tembo, usikiuze, wala usikubali kumbebea mtu safarini, hata akikuambia kwamba ni kidogo au ni cha zamani. Ukijua habari za ujangili, zifikishe kwa wanaohusika. Kunyamaza ni kushiriki. Ikiwa wewe ni mjumbe wa serikali ya kijiji, simama upande wa mapito ya wanyama ardhi inapogawanywa, na simama vilevile upande wa mkulima anayedai kifuta jasho chake. Na ikiwa una watoto, wafundishe kwamba mnyama huyu ana mama, ana bibi, na ana njia aliyofundishwa.

Wahenga walisema kwamba tembo hashindwi na mkonga wake. Uzito aliopewa na Muumba wake aubeba bila kulalamika, lakini uzito wa tamaa yetu hawezi kuubeba. Sisi tumepewa akili na uwezo juu ya viumbe wengine, na kila aliyepewa uwezo ataulizwa jinsi alivyoutumia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuitunza amana hii, ili wajukuu zetu nao wawakute tembo wakiongozwa na wazee wao kwenda majini. Amin.